Tulivyobadilishana Baba Wakwe

Baba mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi. Kila asubuhi alitoka kwake akakohoa mara mbili upande wa migomba, nami nikiwa uani nikajua ni wakati wa kugeuka au kuingia ndani. Nikienda kuchota maji nilikohoa vivyo hivyo, naye akapinda njia nyingine. Tuliishi hivyo miaka saba, nyumba mbili ambazo mtu akiita huku anasikika kule, na sura yake sikuijua. Jina lake sitalitaja hapa, na si kwa sababu nimelisahau.

Ndiyo ilikuwa heshima yetu sisi tulioolewa kwa Wanyakyusa. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hakutani naye njiani, haingii nyumbani mwake. Akina mama waliotutangulia walituambia kwamba anayevunja heshima hiyo huugua, au watoto wake ndio huugua. Mimi nilikuwa Mkristo niliyebatizwa, nimeimba kwaya, na bado niliamini. Vijana wa sasa nikiwasimulia wanacheka. Wacheke tu. Na wao wana ya kwao, ila hawajafika umri wa kuyaona.

Zamani haikuwa taabu kubwa, kwa sababu vijana walijenga kijiji chao wenyewe, mbali na baba zao, na mojawapo ya sababu ilikuwa hiyohiyo ya wakwe. Lakini wakati wa Mwingereza, mpunga ulipoanza kutafutwa na ardhi ya Kyela ikaanza kubana, mume wangu alijenga pembeni mwa shamba la baba yake. Kisha akaondoka kwenda migodi ya shaba, kama walivyoondoka wenzake. Alikuwa mwana pekee wa kiume aliyebaki hai. Dada zake wawili walikuwa wameolewa mbali, mmoja hata ng'ambo ya mto Songwe. Siku ya kuondoka, mzigo ukiwa tayari begani, aliniambia, "Mama akitangulia, baba asipelekwe kwa watu. Afie kwake." Nikamjibu, "Nimesikia." Niliona ni jambo dogo, maana mama mkwe alikuwa na nguvu kunishinda.

Mama mkwe akafa mwaka wa pili. Kwake yeye sikuwa na katazo lolote. Tulipika pamoja, tukagombana pamoja, na nilipomlilia sikuwa naigiza. Baada ya matanga mume wangu, aliyekuja kuzika, akarudi migodini akiniacha mja mzito, nikabaki mimi na kile kikohozi. Nilipika, nikaweka bakuli juu ya jiwe bapa lililokuwa katikati ya nyumba zetu, nikakohoa, nikaondoka. Yeye alikuja, akala, akarudisha bakuli likiwa limefutwa kwa jani. Tulikwenda hivyo mpaka miguu yake ilipoanza kuvimba. Siku moja nilirudi kutoka shambani nikakuta kuku wanakula kile chakula.

Hofu iliyonipata siku hiyo naikumbuka hata leo. Mtu yuko ndani, anasikia njaa, na mimi niliye na chakula ndiye peke yangu nisiyeweza kuingia. Nilikwenda kumwomba jirani ampelekee, akampelekea. Kesho yake nikamwomba mwingine. Kuomba kila siku kunachosha anayeomba na anayeombwa, na mimi sikuumbwa na ulimi wa kuomba. Mama yangu alikuwa Mkisi wa upande wa Matema, mfinyanzi, na kule kwetu mtu mwenye hasira husemwa kwamba udongo wake uliwahi motoni kabla haujakauka. Hivyo ndivyo walivyonisema mimi tangu utoto.

Wakati huohuo ndipo Sista akaja na mpango wake. Alikuwa muuguzi wa Kizungu wa misheni ya milimani, mwanamke mrefu mwenye miwani, anajua Kiswahili kizuri alichojifunzia pwani. Huko juu misheni walikuwa na nyumba ya wazee wasio na mtu. Watu wa bondeni waliiogopa. Mzee akipelekwa kule, baridi ilimwingia, na kwa kawaida habari iliyofuata ilikuwa ya kaburi. Sista mwenyewe alikuwa ameliona hilo. Akasema heri wazee watunzwe makwao, na kanisa litoe watu wa kuwatunza. Kila mwanamke wa umoja wetu wa kanisa angepewa mzee mmoja, aende asubuhi tatu kwa juma, amwoshe, ampake mafuta, amgeuze asipate vidonda, amfulie, aangalie kama amekula. Sista angeleta sabuni na mablanketi, na kupita mara moja kwa miezi mitatu kukagua. Lakini alitoa na onyo: mzee atakayeonekana ametupwa, atachukuliwa kwenda juu.

Jumapili moja baada ya ibada akasoma orodha. Alikuwa amezunguka mwenyewe, ameona nani anakaa karibu na nani, akampa kila mwanamke mzee aliye karibu naye. Kwa hesabu ya macho alifanya vizuri sana. Ila mzee aliye karibu na mwanamke, katika bonde lile, mara nyingi ni baba mkwe wake.

Alisoma jina langu, kisha la baba mkwe. Akasoma la mwenzangu tuliyekuwa tukikaa benchi moja, kisha la baba mkwe wake. Akashuka hivyo mpaka chini. Nasi wote, mmoja baada ya mwingine, tukajibu, "Ndiyo, Sista."

Mtu atauliza kwa nini hatukusema. Kwanza, kusema "huyo siwezi" ni kumtaja mzee mwenyewe mbele za watu, na hilo nalo ni kosa. Pili, mchungaji aliwahi kutuhubiria kwamba mambo ya kukimbiana na wakwe ni ya gizani, na kila mmoja wetu alikuwa ameitikia amina. Sasa nani ainuke aseme kwamba bado yuko gizani? Tulitoka pale, na tulipofika kwenye kivuko cha mto mwenzangu akanivuta khanga. Akasema, "Wewe chukua wangu, mimi nichukue wako." Hapakuwa na mazungumzo zaidi ya hayo. Kufika Jumapili iliyofuata karibu wanawake wote walikuwa wamebadilishana hivyo, bila mkutano na bila mtu kumwambia Sista.

Mwenzangu huyo ndiye niliyemwamini kuliko ndugu. Alikuwa mnene, mcheshi, na mumewe naye alikuwa migodini. Kwake na kwangu ni mwendo wa kuvuka mashamba mawili ya mpunga. Tulikutana katikati, kila mtu na ndoo yake na kipande chake cha sabuni, tukiamkiana "Ugonile" na kupita, mimi nikienda kwa mkwe wake, yeye akija kwa wangu.

Mzee wake alikuwa na maneno mengi. Alikuwa amebeba mizigo katika vita ya Wajerumani, na begani alikuwa na nundu ngumu aliyonionyesha kila nilipomwosha, kana kwamba niliiona jana nikaisahau leo. Maji yakiwa ya moto kidogo alisema, "Unaniosha au unanipika?" Maji yakiwa ya baridi alisema naharakisha mazishi. Nami sikumwachia. Nilimwambia azeeke taratibu, sabuni ya Sista ni kidogo. Tulichekeshana hivyo huku namgeuza ubavu, napaka mafuta ya nyonyo pale mfupa unapogusa kitanda. Ni yeye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kwamba mzee hainuliwi kwa kuvutwa mkono, na kwamba kabla hujamfunua unamwambia unachotaka kufanya, maana mwili ni wake hata kama umechoka. Wakati mwingine nilijikuta natamani zamu yangu ifike.

Habari za baba mkwe wangu nilizipata kwa mwenzangu tukirudi. Kwa mdomo wake nilijua kwamba ni mtu wa maneno machache, kwamba anapenda ndizi za kupondwa na usipa, wale dagaa wa ziwani, kwamba akioshwa hufumba macho. Siku moja mwenzangu akaniambia, "Amesema chumvi imepungua." Nikawaka. Miaka yote nimempikia, neno la kwanza ananitumia ni chumvi? Mwenzangu akakaa chini kwenye tuta akicheka mpaka akajishika mbavu. Kesho yake nikatia chumvi ya kutosha watu watatu, na jibu likaja kwamba sasa mtu anaweza kula. Kuanzia hapo tukawa na mazungumzo, mimi na yeye, yakipitia kwa mwenzangu. Aliniuliza kama mume wangu ameandika. Nikamwambia ameandika. Mwaka ule sikuwa nimepata barua hata moja, lakini nilimwambia ameandika.

Tulikwenda hivyo miaka miwili. Sista alikuja, akakuta wazee safi, vidonda hakuna, mablanketi yamefuliwa. Alinisifu mbele ya watu kwa jinsi ninavyomtunza baba mkwe wangu. Nikasema, "Asante, Sista." Wenzangu wakatazama chini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi kilikuwa kinatusubiri.

Mzee wa mwenzangu alikufa masika, mvua ikinyesha mfululizo. Mimi ndiye niliyemkuta. Alikuwa amegeukia ukutani, blanketi limefunika ile nundu, na mwili haukuwa bado umepoa sana. Nililia kama binti yake. Watu waliokuja walinishangaa kidogo, kwa sababu kwa ukoo yule mzee hakuwa kitu kwangu.

Msiba kwetu haukuwa wa siku moja. Wake wa ukoo walibaki ndani ya nyumba ya msiba, wakilala chini juu ya majani ya migomba, na hawakutoka mpaka wazee waseme. Mwenzangu alikuwa ndani na wao. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata baba mkwe wangu hakuwa na wa kumwosha, wala wa kumpa mkono ainuke.

Nilihangaika, jamani. Jirani mmoja alikwenda siku mbili za kwanza. Siku ya tatu mwanawe akashikwa na homa. Mwingine alikuwa ng'ambo ya mto, na Mbaka ulikuwa umejaa mpaka daraja la magogo halionekani. Wengine wote walikuwa msibani. Nikabaki mimi. Nilipeleka bakuli mwenyewe mpaka mlangoni pake, mahali ambapo miguu yangu haikuwahi kukanyaga, nikaliweka kizingitini na kugeuza uso. Sikuweza kusema naye. Basi nikasema na mgomba uliokuwa karibu na mlango: "Wewe mgomba, chakula kiko hapa. Mwenzangu yuko msibani."

Kisha kutoka ndani sauti ikasema, "Mgomba, mwambie aliyeleta, ndaga fijo." Yaani asante sana. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake ikielekezwa kwangu. Nilisimama pale na mvua ikinipiga, sikujua nicheke au nilie. Halafu nikasikia anajikokota chini kuja kuchukua bakuli, nikakimbia kabla hajafika.

Siku ya nne hakujikokota. Nilisikia kishindo, kisha pumzi nzito. Nikauambia mgomba, "Uliza kama ameumia." Akajibu, "Mgomba, mwambie asiingie. Ana mtoto mgongoni." Kweli, nilikuwa nimembeba mtoto wangu mdogo, naye alikuwa analia. Alikuwa ameanguka, hawezi kuinuka, na alichohofia yeye ni mtoto wangu asije akaugua. Niliweka mguu kwenye kizingiti nikautoa, mara ngapi sijui. Mtu akiniuliza leo kama ningeingia, ningependa kusema ndiyo. Sikuingia. Nilikimbia kwenda msibani kuita mtu, na niliporudi na vikongwe wawili niliowaokota njiani, nilimkuta Sista amesimama uani.

Maji yalikuwa yamepungua asubuhi hiyo naye akavuka, pamoja na mzee wa kanisa na vijana wanne wa kubeba mizigo. Alikuwa ameshaingia ndani na kutoka. Uso wake ulikuwa mwekundu. Alisema amemkuta mtu sakafuni, amejilowesha, ana mchubuko kichwani, hajaoshwa siku kadhaa. Akanitazama mimi. "Wewe ndiye umeandikwa hapa. Ulimwosha lini mara ya mwisho?"

Majirani walikuwa wameanza kukusanyika pembeni ya migomba, na wote walijua. Sista akasema hataki kunionea. Labda nimezidiwa, labda sijui namna ya kumwinua mtu mzito. "Ingia," akasema, "nionyeshe unavyomwosha. Nikiona unaweza, nitamwacha hapa. Usipoweza, leo hii anakwenda juu."

Nilimtazama mzee wa kanisa. Alikuwa Mnyakyusa kama watu wa pale, mwenyewe ana mke wa mwanawe ambaye hajawahi kumwona. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Akatazama miguu yake. Nilimchukia siku hiyo kwa chuki ambayo sikuwahi kuitubu vizuri. Lakini hata mimi nilikuwa na mdomo. Maneno mawili tu, "ni mkwe", na hayakutoka.

Sista akanishika mkono kwa upole kabisa, akaanza kuniongoza kuelekea mlangoni. Hakujua anachofanya. Watu nyuma yangu wakaguna, na mmoja wa wale vikongwe akajifunika uso.

Ndipo sauti ikatoka ndani, kubwa kuliko nilivyodhani anaweza. "Nichukueni!" Sista akasimama. "Nichukueni niende huko juu. Mimi mwenyewe nataka. Mwacheni huyo binti, hana kosa."

Nilimponyoka Sista nikakimbilia migombani, nikapiga magoti na kugeuza uso. Nilisikia machela ikitengenezwa kwa miti na blanketi. Nilisikia wakihesabu kabla ya kumwinua. Walipita karibu nami, na alipofika mahali pale akakohoa mara mbili, kama kawaida yake, ili nijue anapita. Mpaka kiza kinaingia nilikuwa bado pale.

Mwenzangu alitoka msibani siku chache baadaye akaja moja kwa moja kwangu. Hakunipa pole. Alisema, "Kwa hiyo tumekaa tu." Nikamwambia tufanye nini sasa, amekwenda kwa hiari yake. Akasema, "Hiari! Mtu amekuvulia nyumba yake ukajifunika, wewe unaita hiari?" Tulikosana. Aliondoka bila kuaga, na mimi nikabaki nampikia mtu asiyekuwepo. Mara mbili nilijikuta nimeponda ndizi za watu wengi kuliko tuliokuwepo. Nyumba yake ilikuwa wazi, mbuzi wanaingia na kutoka. Zilipita siku tisa za woga wangu. Nasema woga kwa sababu sina jina jingine la kuzipa.

Siku ya kumi nilimfunga mtoto mgongoni nikapanda. Sikumwambia mwenzangu, lakini nilipofika njia panda ya kwenda milimani nilimkuta amekaa juu ya jiwe na furushi lake. Akasema, "Umechelewa." Tulitembea siku hiyo yote na nusu ya siku ya pili, joto la Kyela likituacha nyuma kidogo kidogo, mpaka tukaanza kujifunga khanga mabegani kwa baridi.

Sista alitupokea barazani. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, lakini yalitoka yamevurugika na yana hasira. Nilisema, "Yule mzee ni baba wa mume wangu. Sijawahi kumwosha hata siku moja. Sijawahi kumwona. Aliyemwosha ni huyu, na mimi nilimwosha wa kwake, na wote tulifanya hivyo." Nilipotamka "baba wa mume wangu" nilihisi aibu kana kwamba nimevua nguo sokoni.

Akavua miwani akaishika mkononi. Akauliza, "Wote?" Mwenzangu akajibu, "Wote, Sista." Akasema polepole, "Miaka miwili kila mzee ameoshwa na mtu asiyestahili." Nikamwambia, "Hapana, Sista. Ameoshwa na anayestahili. Aliyekosea ni orodha."

"Mbona hamkuniambia?"

"Mbona hukuuliza?"

Ilikuwa jeuri, najua. Hakukasirika. Alisema kwamba siku ile aliponishika mkono mbele ya watu ilikuwa dhambi, ataiombea radhi, na kwamba kuna mtu mwingine anayepaswa kuombwa kwanza. Akainuka akaingia ndani peke yake. Sisi tulibaki barazani. Aliporudi alisema, "Nimemwambia umesema mwenyewe, kwa mdomo wako. Ameuliza mara mbili kama ni kweli. Kisha ameomba nguo zake."

Tulirudi na baba mkwe. Vijana wa misheni walibeba machela mbele, mwenzangu akatembea katikati, na mimi nyuma kabisa, kwa umbali ambao kona ya njia ilikuwa kila mara imewameza. Safari yote nilifuata kikohozi. Hakikuwa kile cha zamani. Baridi ilikuwa imeingia kifuani, na kila kilipoanza kilichukua muda kutulia. Tulipoanza kuteremka na ziwa likaonekana chini, mwenzangu alinisubiri akaniambia amewaomba wasimame kidogo atazame. Nikasimama na mimi, huko nyuma yao, nikatazama lilelile.

Sista alishuka juma lililofuata. Aliniomba radhi kanisani, jambo ambalo sikulitaka na lililonifanya nitamani kuzama chini ya benchi. Kisha akasoma orodha upya, safari hii polepole, jina la mwanamke na jina la mzee, na baada ya kila jozi akasubiri. Tulioweza tulijibu, "Ndiyo." Tusioweza tulinyamaza, naye akafuta, akaandika mwingine. Hakutulazimisha kusema kwa nini. Mzee wa kanisa alikaa mbele na kofia yake magotini. Mpango ule uliendelea miaka mingi baada ya hapo, na wazee wengi wa upande wetu walifia makwao, mikononi mwa wake za wana wa watu wengine.

Wangu alidumu mpaka mpunga ulipoingizwa ndani. Mwenzangu alikuja kila asubuhi, si tatu tena kwa juma, ingawa kwake hakukuwa tena na mzee wa mimi kumwosha kama malipo. Nilimfulia, nilimlimia, akanikataza nisimhesabie. Barua niliyomwandikishia mume wangu baadaye ilikuwa fupi: Baba amefia kwake.

Siku aliyofariki nilikuwa uani napepeta mchele. Mwenzangu alitoka mle ndani mikono yake ikiwa bado ina maji na sabuni, akavuka kuja kwangu, akakaa chini karibu nami.

Kisha akasema, "Jana aliniuliza kitu. Kilinishinda kukwambia."

"Kitu gani?"

"Aliniuliza ukoje. Akasema, huyu anayenipikia miaka yote, ni mrefu au mfupi?"

Ungo ukanitoka mkononi. Nilimwuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia mfupi, mweusi, mwanya hapa mbele, na hasira kama moto wa makuti. Akasema hasira anaijua, aliionja kwenye chumvi. Akafumba macho akataka nirudie tena, polepole, kuanzia usoni."